Usimtume Kagendo Dukani

Nyumbani kwa Gikunda,
Kibirichia, Meru.
Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Mutwiri,

Muga! Nakuamkia kwanza kwa lugha ya nyumbani ili ujue kwamba hata kama barua hii ina moto ndani, aliyeiandika ni dada yako. Hujambo huko Doha? Lile joto limepoa au bado mnatokoswa? Mgongo je? Ulisema kiti cha lori kinakuua kiuno; sijui kama ulitafuta mto wa kukalia au bado unajikaza kiume. Mchumba wako Maxine naye hajambo? Mpe salamu zangu, ingawa hatujaonana bado, na umwambie sina neno naye. Neno ninalo nawe.

Sisi huku tuko wazima. Baridi ya Kibirichia unaijua, asubuhi tunaongea tukitoa moshi mdomoni. Shemeji yako Gikunda alisumbuliwa na kifua mwezi wa Julai, sasa amepona na anakohoa tu akitaka chai. Mvua imeshika vizuri, viazi vimechanua, na yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Binti yako Kagendo hana homa wala kikohozi, anakula, na amerefuka mpaka sketi ya shule imekuwa fupi.

Basi, salamu zimetosha. Tafuta mahali ukae.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huambiliki. Nikikupigia, mtandao ni mbaya. Nikikuandikia ujumbe mrefu kwa WhatsApp, unanirudishia kidole gumba. Kidole gumba, Mutwiri! Ninakueleza kwamba mtoto wako anasimama macho wazi na hayupo, wewe unaniinulia kidole kama mtu aliyeletewa mchele mzuri. Karatasi haina kidole gumba. Oscar, kijana wa jirani yetu, anarudi huko kazini wiki hii, na nimemwambia asikutupie bahasha mlangoni akaondoka. Akae hapo mpaka umalize. Kama amekaa, mpe chai.

Juzi tukiwa mezani Gikunda alipokea ujumbe wako. Maskini hakujua ni wa siri, akausoma kwa sauti. Kwamba utakuja Disemba pamoja na Maxine, Krismasi mtaenda nyumbani kwetu Kanyakine, na Januari Kagendo ataingia shule ya bweni kule Embu. Hayo yote ningeyajadili nawe kama watu wazima. Lakini ulimalizia hivi: "Siku ya kuondoka mwambie Gladwell amtume dukani, ndio tutoke bila makelele." Gikunda aliinua macho akaona uso wangu, akaiweka simu chini, akasema anaenda kumfunga ng'ombe. Ng'ombe alikuwa amefungwa.

Jibu langu ni hapana. Sitamtuma dukani. Wala wewe hutamtuma, wala Maxine, wala mtu yeyote anayekanyaga boma hili. Na kwa kuwa unapenda kuruka mistari, nakuomba huu unaofuata usiuruke.

Kagendo alipoletwa kwangu mwaka jana mwezi wa Agosti, niliambiwa ni mtoto mtulivu. Kila mtu alimsifu. Ndwiga, shemeji yako wa Embu, alimshusha hapa na begi lake akasema, "Huyu hatakusumbua, hata hukumbuki kama ako kwa nyumba." Nilidhani ni sifa. Ni kweli hakuwa na usumbufu. Hakulia usiku wa kwanza, hakuuliza choo kiko wapi, hakuuliza atakaa muda gani. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni aliyekuja kupumzika kidogo aendelee na safari. Mtoto wa miaka minane!

Siku moja nilikuwa napika, mchuzi uko motoni, nikagundua chumvi imeisha. Nikamwambia, "Kagendo, kimbia kwa Celina uniletee chumvi." Duka la Celina unalijua, ukisimama mlangoni kwangu unaliona. Nikampa pesa, nikageuka kukoroga sufuria. Nilipogeuka tena bado alikuwa pale kizingitini, pesa kiganjani, uso ameuelekeza barabarani. Nikamwita. Kimya. Nikaita kwa nguvu. Nikamshika mkono, ulikuwa baridi na mlegevu kama wa mtu aliyelala, lakini macho yalikuwa wazi. Nzi alimtua shavuni, hakupepesa. Mchuzi ukaungua, jiko likajaa moshi, na yeye hakukohoa.

Baadaye alinitazama kama ndiyo kwanza ananiona, akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, umekuja saa ngapi?" Nilikuwa nimekaa naye tangu asubuhi.

Nikakuandikia siku hiyo hiyo. Ukanijibu kwamba Kagendo kwa Kimeru ni jina la safari, kwa hiyo akili yake inasafiri, atazoea. Ukaweka na kicheko. Nakuuliza sasa, Mutwiri: Kagendo mwenye hilo jina alikuwa nani? Si mama yetu? Alisafiri, ndiyo. Alikwenda soko la Nkubu na ndizi kichwani kila wiki, na kila jioni alirudi, na kabla hajafungua lango alipiga kelele, "Nimefika!" mpaka kuku wakatawanyika. Hiyo ndiyo safari ya jina hilo. Safari ya kwenda na kurudi. Hiyo nyingine ya kwenda na kupotea usimsingizie mama yetu.

Shuleni nako kukawa vituko. Mwalimu wake akimtuma kuleta chaki ofisini, mtoto anafika mlangoni anagandia hapo. Akapigishwa magoti kwenye changarawe kwa ajili ya kiburi. Nilisikia kutoka kwa mtoto wa Celina, nami nilikuwa shambani. Sikubadilisha hata viatu. Niliingia ofisi ya walimu na gambuti zenye tope la kutosha kupanda viazi.

"Mama, huyu mtoto ako na kiburi ya ajabu," mwalimu akaniambia. "Unamtuma, anakuangalia tu kama poster."

"Ulimuuliza kama anakuona?"

"Kwani yeye ni kipofu?"

"Siku utamjua mtoto uliyepewa kufundisha, utaniita tuongee," nikamwambia. "Lakini magoti yake usiguse tena." Nikaondoka, na tope nikawaachia. Tangu siku hiyo hajapigishwa magoti, ingawa mwalimu akiniona sokoni huwa anakumbuka kitu upande wa pili.

Ya shule ni nafuu. Ngoja nikuambie ya binamu yetu Kaimenyi, ambaye wewe ndiye uliyempigia simu kutoka huko Doha ukamwambia aje aombee mtoto. Usikane, ameniambia mwenyewe.

Alitoka Kanyakine na kundi lake la maombi siku ambayo nilikuwa nimeenda kutafuta mbegu. Gikunda, kwa upole wake unaoniletea presha, akawafungulia. Niliporudi nilisikia kelele tangu barabarani. Nikaingia, nikakuta sebule imejaa watu wazima, wamemzunguka mtoto mmoja, mikono yote juu ya kichwa chake, wanapiga kelele pamoja: "Toka! Toka! Nimesema toka sasa hivi!"

Mimi ni Mkristo, Mutwiri. Siku zangu zote nimeomba na nitaomba mpaka nizikwe. Lakini sikiliza kilichotokea. Kagendo alisimama. Akapita katikati yao taratibu, akaingia chumbani. Akatoka na mfuko. Ndani aliweka sweta yake, sare ya shule, na ile sahani ya bati niliyomnunulia. Akapita tena katikati yao, akaenda nje, akakaa kwenye jiwe la langoni, akaangalia barabara.

Kaimenyi akarukaruka kwa furaha. "Bwana asifiwe! Mnaona? Hiyo roho imeshindwa! Inafungasha!"

"Kaimenyi," nikamwambia, "anayefungasha ni mtoto. Mmemwambia atoke, anatoka."

Sitaki kukudanganya, nilimfukuza. Nilimfukuza yeye na kundi lake, na Biblia zao, na chai nikawanyima, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mgeni maishani mwangu, na likitokea tena nitalifanya tena. Kisha nikaenda nikakaa chini kando ya Kagendo kwenye majani yenye umande. Nikamuuliza anamngoja nani.

Akasema, "Sijui. Yule wa kunichukua."

Hakulia, wala sauti haikumtetemeka. Alinijibu vile mtu anavyojibu akiulizwa anangoja gari la wapi. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa sauti, mpaka Celina akafunga duka akaja kuuliza nani amekufa. Na nilipokuwa nalia, nilikuwa na hasira nawe kiasi kwamba kama ungekuwa karibu ningekupiga na kile kiatu changu cha shamba.

Wiki hiyo nilimpeleka hospitali Meru mjini. Daktari kwanza alitaka kujua kama ni kifafa, mtoto akapimwa kichwa na zile waya, ikaonekana sicho. Ndipo tukapelekwa kwa mshauri wa watoto, mama mmoja anaitwa Linda. Nilimkasirikia hata yeye mwanzoni, kwa sababu anaongea polepole mno na mimi nilikuwa nataka dawa nirudi nyumbani. Alinipa neno refu la Kizungu la ugonjwa huo. Nililiacha hapo hapo mezani kwake, maana halingenisaidia kitu shambani. Mimi nauita kuondoka. Mtoto anaondoka na mwili anauacha umesimama.

Nilimuuliza anaondoka kwa nini. Aliniambia hivi: "Mama, mtu akiona hatari, anakimbia ama anapigana. Huyu alikuwa mdogo, hangeweza kukimbia, hangeweza kupigana, na mtu wa kumshika hakuwepo. So akili ilijizima kidogo asisikie uchungu. Ni kama ile swichi ya stima inajizima ndio nyumba isiungue. Ilimsaidia sana. Shida ni kwamba sasa inajizima hata ukiwasha taa moja tu."

Akaniambia pia kwamba mtoto mdogo hana uwezo wa kuutuliza moyo wake mwenyewe. Anautuliza kwa mtu mzima, tena mtu yule yule, leo na kesho na kesho kutwa, mpaka ajifunze. Ukimbadilishia mtu kila akianza kumzoea, anajifunza jambo lingine: kwamba kumzoea mtu ndiko mwanzo wa kumpoteza. Basi anaacha kuzoea. Watu wanamwita mtulivu.

Kisha Linda akaniuliza swali ambalo hakuna yeyote kati yetu aliyewahi kuliuliza. Kagendo aliachwaje? Hakuuliza aliachwa mara ngapi. Aliuliza kila aliyemwacha alimwachaje, alisema nini, na mtoto alikuwa wapi. Nikasema sijui. Akasema niulize.

Nikampigia mama mkwe wako Igoki kule Siakago. Unajua mama huyo hapendi simu, anaishika kama kitu cha moto. Nikamuuliza siku ile mkeo Wambura alipozidiwa, Mungu amlaze pema, Kagendo alikuwa wapi. Akasema, "Tulimtuma kwa jirani aombe chumvi. Asione hiyo damu." Wambura akabebwa kwenye pikapu akakimbizwa hospitali. Mtoto wa miaka minne alirudi na chumvi kwenye karatasi akakuta mlango wazi, chungu motoni, na hakuna mtu. Mama yake hakurudi tena. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Igoki alisema mtoto alishika ile karatasi mpaka jioni, wakashindwa kumfungua vidole.

Chumvi, Mutwiri. Na mimi bila kujua nikamwambia akimbie aniletee chumvi.

Nikaendelea kuuliza. Ndwiga naye, siku alipompeleka ile shule ya bweni ya kwanza baada ya Igoki kushindwa na miguu, alimwambia akaangalie kama mfereji una maji. Aliporudi kumwambia maji yapo, gari lilikuwa limeshaondoka. Ndwiga ananieleza hivyo huku akijipongeza: "Hakulia hata kidogo, yaani ilikuwa rahisi!"

Na wewe. Unakumbuka ulimtuma nini? Igoki anakumbuka. Ulikuwa na begi lako tayari, pikipiki inakungoja nyuma ya nyumba, unaenda kupanda ndege. Ulimwambia binti yako akuletee kiberiti jikoni kwa nyanya. Wewe usiyevuta hata sigara! Alikuja nacho mbio uwanjani. Igoki anasema aliwasha njiti moja, ikaisha, akawasha nyingine, na watu wakacheka wakasema ona vile anavyocheza.

Sasa umeelewa kwa nini sitamtuma dukani? Nyote mlimpenda, sibishani. Nyote mlitaka asilie. Ndiyo desturi yetu huku, tunamtoroka mtoto kwa kumtuma, halafu tunaambizana ni kumhurumia. Kumhurumia nani? Mtu anayehurumiwa hapo ni yule mkubwa anayeondoka, asisikie kilio kikimfuata barabarani. Mtoto tunamwachia kilio chote akimeze peke yake, na kiberiti mkononi. Nikiifikiria natamani kuvunja kitu.

Kuna jambo lingine, na hili naliandika nikiwa nimepoa kidogo, maana Gikunda ameniletea uji na kunishauri nipumue. Siku baba alipoondoka kwenda Nairobi, ile mara ya mwisho, ulikuwa umefika miaka mitano. Alikwambia, "Mutwiri, yule ndama ameingia mahindi, mfukuze." Hakukuwa na ndama kwenye mahindi. Ulizunguka shamba lote. Mimi nilikuwa juu ya banda nikikutazama. Ulirudi ukasimama katikati ya boma na kale kafimbo kako, ukasimama tu, na mama alipokuita kula hukuitika. Hakuna aliyesema una pepo. Walisema, huyu kijana ni mtulivu.

Siku tuliyomzika Wambura, watu wanarusha udongo, wewe ulikuwa pembeni unaongea na simu juu ya lori la nani litaegeshwa wapi. Wambeere, watu wa kwao Wambura, walikusema vibaya mno. Hata mimi nilikusema. Sasa nadhani hukuwepo. Nadhani uliondoka zamani sana, pale kwenye mahindi, na sijui ni nani kati yetu aliyewahi kukungoja urudi. Kwa hilo nakuonea huruma. Lakini huruma yangu haikupi ruhusa ya kumfanyia binti yako lile ulilofanyiwa.

Hapa kwetu tumebadilisha mambo. Hakuna anayetoka boma hili kimyakimya. Nikienda shambani namwambia Kagendo naenda wapi na nitarudi wakati gani, na nikirudi napiga kelele langoni kama mama, "Nimefika!" Majirani wanadhani nimerukwa na akili. Gikunda naye anatangaza mpaka akienda chooni. Hatumtumi, tunaenda naye. Akianza kuondoka hatumtikisi wala kumpigia kelele, nampa kiazi kibichi kilichotoka udongoni akishike, namwambia kwa sauti ya chini, "Uko Kibirichia, kwa shangazi Gladwell, hiki ni kiazi, leo ni Jumatano." Mara nyingine anarudi haraka. Mara nyingine hapana, nasi tunakaa naye hapo hapo. Linda ameniambia nisitegemee miujiza, kwamba itakuwa mbele na nyuma, na kweli ni mbele na nyuma.

Ila mwezi uliopita mwenyewe aliomba kwenda kwa Celina. Mwenyewe! Nikasimama kizingitini na mwiko mkononi, nikaahidi kutoondoka. Alifika nusu ya njia, akageuka kutazama kama bado nipo. Akaenda, akageuka tena. Alirudi mbio na sabuni, akanikuta pale pale nilipokuwa. Unajua alifanya nini? Alinipiga. Alinipiga ngumi za tumbo kwa nguvu zake zote, akipiga kelele nilidhani utaenda, nilidhani utaenda, halafu akalia. Alilia mpaka akatapika. Mchana kutwa nilimbeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, miguu inaburura. Linda aliposikia alifurahi, akasema hicho ni kilio cha zamani kimepata mahali pa kutokea.

Kwa hiyo usiniambie mambo ya makelele. Tumeyatafuta hayo makelele kwa zaidi ya mwaka. Na wewe unataka kuja Disemba umzimishe tena kwa safari moja ya dukani, umpeleke bwenini akasifiwe utulivu.

Najua wewe ndiye baba yake. Najua karatasi zote zina jina lako, na ukiamua kumchukua hakuna chifu atakayenisikiliza. Naogopa hilo, nakwambia wazi. Nimelala nikiliogopa tangu ule ujumbe ulipoingia. Lakini utanikuta langoni, na ukitaka kupita utanisogeza kwa mikono yako mbele ya huyo Maxine wako. Shule ya bweni isahau. Ukija, fikia hapa kwangu, ukae naye, uchimbe naye viazi, umkaribishe Maxine amwone taratibu bila zawadi kubwa na bila kuitwa mama mpya. Jumapili ijayo piga simu. Ukome kumwambia unakuja kesho. Pasaka ulimwambia hivyo, akavaa sweta yake nzuri akakaa kwenye lile jiwe mpaka giza likaingia. Mwambie ukweli: niko mbali, nitakuja Disemba, nitakaa, kisha nitaondoka tena kwa sababu ya kazi. Kama kuna jambo hulijui, sema hulijui.

Na siku ya kuondoka utamwambia usiku wake, na asubuhi utamwambia tena. Utachuchumaa mbele yake umshike mikono, useme unaenda wapi na utarudi lini. Akiganda, utangoja mpaka arudi, hata kama ndege itaruka bila wewe. Ukihisi na wewe unaanza kuondoka, nitakuwa hapo nyuma yako, nitakupa kiazi ushike.

Gikunda anakusalimu, anasema kile kiatu cha shamba amekificha kwa usalama wako. Celina anakusalimu. Mama Igoki anakusalimu kutoka Siakago. Miguu bado inamsumbua, na tangu tuongee amekuwa akipiga simu kila wiki kumwuliza Kagendo amekula nini. Ndwiga anakusalimu pia, ingawa hatujapatana. Kaimenyi usimtarajie, bado amenuna kwa ile chai. Mwenyezi Mungu akulinde kwenye barabara hizo za mchangani, auponye mgongo wako, na akurudishe, ninamaanisha wewe mzima, si mwili tu.

Kabla ya kufunga bahasha nilimuuliza Kagendo kama ana neno kwa baba yake. Alinyamaza muda mrefu, akiangalia dirisha. Nikaogopa ameondoka, nikaanza kutafuta kiazi kwenye kikapu. Lakini alikuwa yupo, alikuwa anafikiria tu. Akasema, "Mwambie akienda aniambie. Nitalia sana. Lakini aniambie."

Basi njoo, ndugu yangu, uje uliliwe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira hizi,

Gladwell